Miti ya Wachelewaji

Mama Aristides hakula parachichi kama wenzake. Sisi walimu wengine tulikula nyama tukatupa kokwa. Yeye alikula harakaharaka ili aifikie kokwa. Akishaipata aliiosha bombani, akaifunga kwenye leso na kuitia mkobani, na mkoba ule ukiuinua ungedhani amebeba mawe. Pakiti tupu za maziwa ya chai ya saa nne nazo zilikuwa zake zote, na ole wako uitupe moja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku alikuwa anaotesha miche ndani ya pakiti hizo, kwenye dirisha la ofisi ya walimu. Siku moja niliinua pakiti nikitaka maziwa, nikajimiminia udongo kwenye chai. Yeye alichouliza ni kama mche umeumia.

Jina lake hasa ni Hedwiga, mtu wa Kibosho, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kuibia. Mimi ni Fanuel, mtu wa Machame, Mlutheri, na kazi yangu pale shuleni, pamoja na Hisabati, ilikuwa nidhamu. Wanaowajua Wachaga wanajua kwamba Mkibosho na Mmachame wakikalishwa meza moja hapahitajiki redio. Yeye alisema watu wa Machame tumeumbwa kusimamia kazi za wenzetu. Mimi nilimwambia Mkibosho akikosa wa kugombana naye hugombana na jembe. Tulikaa meza moja miaka tisa, katika shule ya msingi iliyo mbele kidogo ya Kisongo, kule ambako upepo wa mwezi wa nane unakujaza vumbi mpaka kwenye meno.

Sasa niseme jambo lililokuwa linamnyima raha, maana bila hilo mtamwona ni mama wa kokwa tu.

Alikuwa amefundisha miaka thelathini na nne, shule nne kabla ya yetu, na kila alikopelekwa alipewa kazi ya mazingira. Kila mwaka alipanda. Ulipobaki mwaka mmoja na nusu astaafu, alijitengea Jumamosi nne, akapanda magari kwenda kuiangalia miti yake shule moja baada ya nyingine. Alirudi mikono mitupu. Kwenye shule ya kwanza palikuwa pamejengwa choo. Kwenye ya pili miti ilikuwa imeingia jikoni ikapika makande. Ya tatu mbuzi walikuwa wameimaliza, na ya nne hakuna aliyekumbuka kama paliwahi kuwa na miti. Jumatatu yake alikaa mezani akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

“Fanuel,” akaniambia, “miaka thelathini na nne. Sina hata kivuli cha kusimama nikapigwa picha.”

Nilitaka kumtania, nikaona macho yake, nikaacha. Nilimwonea huruma kweli, ingawa sikumwambia.

Kwa hiyo miche mia moja na ishirini aliyokuwa ameipanda kwetu baada ya ile ya nyuma kukauka, mringaringa, mgrivea na michache ya parachichi kutoka kwenye mkoba ule, ndiyo iliyokuwa karata yake ya mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: iwe hai baada ya yeye kuondoka. Na ilikuwa inaelekea vizuri. Mwaka mmoja baada ya kupandwa, miti mia moja na mitatu ilikuwa bado imesimama, mingine ikinifika kifuani. Wageni walikuja kutoka halmashauri wakaipiga picha.

Iliishi kwa sababu yangu. Sijisifu, nasema ukweli. Kengele ya asubuhi ikishagongwa mimi nilisimama getini, na kila aliyeingia baada yake alikuwa na deni la madumu mawili ya maji kutoka kwenye tangi hadi kwenye miti. Aliyepiga kelele darasani, dumu moja. Asiyevaa soksi, dumu moja. Waliopigana, madumu matatu kila mmoja, na wabebe wakiwa wameongozana ili wapatane njiani. Shule yenye watoto mia sita haikosi dhambi, basi miti ile ilikunywa kila siku. Wala hakuna aliyeona ubaya. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto kule Machame nilikata majani ya ng'ombe wa shule na kung'oa visiki kwa makosa ambayo hata siyakumbuki. Mama Aristides alifanyiwa hivyohivyo, na yeye pia alikuwa akiniletea watundu wa darasa lake huku akisema, “Huyu mpe ile mitano ya upande wa uwanja, imekauka.”

Tukaendelea hivyo mpaka jaribio la Sayansi la mwezi wa saba, darasa la sita.

Alikuwa ameweka swali jepesi la kuwapa watoto alama za bure: Ni nani mwenye wajibu wa kumwagilia miti ya shule? Alitegemea waandike “kila mmoja wetu”, maana ndivyo alivyowaimbisha tangu Januari. Alikaa akasahihisha. Nikaona kalamu nyekundu imesimama. Akafungua karatasi nyingine, na nyingine. Katika karatasi sabini na nne, hamsini na moja zilikuwa zimeandikwa: Wachelewaji. Nyingine zilisema: Wanaopiga kelele. Nyingine: Ambao hawana soksi. Mmoja aliandika: Yeyote atakayekamatwa na Mwalimu Fanuel. Na Resiato, kiranja wa darasa, mtoto ambaye hajawahi kuchelewa tangu azaliwe, mwenye mwandiko wa kunyooka kama mistari ya daftari, aliandika: Mtu aliyekosa.

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kuvua miwani. Yeye hakucheka. Alinyanyuka akaziweka zile karatasi mbele yangu.

“Sahihisha wewe. Mimi sijui niwape au niwakoseshe.”

“Wape,” nikasema. “Si ndiyo ukweli?”

“Ndiyo ukweli,” akasema, akakaa. Alizivuta zile karatasi akazipanga upya, ya Resiato akaiweka juu. Kisha akasema, “Mtoto akichelewa tunampeleka kwenye mti. Akitukana, kwenye mti. Miaka saba. Siku akiwa mtu mzima ameshika panga na mti uko mbele yake, unadhani atakumbuka faida tatu za miti nilizomwandikia ubaoni? Fanuel, miti yangu yote ile niliiua mwenyewe.”

Mchana uleule alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, na kesho yake mstarini likatangazwa: kumwagilia miti si adhabu tena. Watoto walishangilia, hasa wateja wangu wa kila siku. Mimi nilibaki getini sina silaha. Nilibakiziwa fagio, na hakuna aliyelia kwa ajili ya fagio.

Nilidhani angekuwa na mpango wa pili. Mpango wake ulikuwa kuwaomba. Alisimama mstarini, akaeleza vizuri kabisa kwamba miti ni yetu sote, kisha akauliza nani angependa kumwagilia kwa hiari. Watoto mia sita walitazama viatu vyao.

Mwezi wa nane ukafanya kazi yake. Upepo ulitoka upande wa Monduli ukakausha kila kitu, na mlima Meru ukapotea nyuma ya vumbi siku tatu mfululizo. Mama Aristides, miaka hamsini na tisa, alibeba madumu mwenyewe baada ya vipindi, hatua kumi anapumzika, anashika kiuno, anaendelea. Miti mia moja na mitatu ikawa tisini na minane. Ikawa tisini na mitano. Ilipofika tisini na mmoja nilishindwa kuvumilia.

“Dada, nipe wachelewaji wangu wiki mbili tu. Ikishika tena, nitawaachia.”

“Hapana.”

“Itakufa.”

“Afadhali ife,” akasema, “kuliko iishi mpaka siku nitakayoondoka, halafu waje kuikata kwa furaha.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii. Nilichukua dumu moja nikambebea, nikiangalia kama kuna mwanafunzi ananiona.

Siku zile alimwita Resiato. Alifikiri, sawasawa kabisa, kwamba kiranja anayeheshimiwa akionekana na dumu, wengine watafuata. Resiato hakukataa, maana hajui kumkatalia mwalimu, lakini alilibeba lile dumu kwa uso wa mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Alimwagilia miti miwili. Mama mmoja aliyekuwa anapita na punda wake nje ya uzio alimwona, na habari ikafika nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe.

Asubuhi yake baba yake akaja. Loishiye ni mtu wa rika langu, analima maharage na kufuga, mnadani anaheshimika kwa kujua umri wa mbuzi kwa kumtazama tu, na ni mzee wa kanisa katika usharika ninaosali mimi. Aliegesha pikipiki, akajifunga shuka vizuri, akaingia ofisini. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mifugo na za mvua ambayo haipo. Kisha akavuta kiti.

“Mwalimu, binti yangu amekosa nini?”

“Hajakosa kitu, Baba Resiato.”

“Usinifiche. Ameonekana na dumu.”

“Alikuwa anasaidia tu.”

“Anamsaidia nani? Aliyechelewa ni nani?”

Nilijaribu kueleza, nikaona namzidishia shaka. Yeye alikuwa amekuja tayari kulipa. Alisema kama binti amevunja kitu shuleni, atakileta kipya, lakini asifichwe, maana pale nyumbani wamelala vibaya na mama yake hakula. Mama Aristides akaja na ile karatasi ya jaribio, akamwonyesha jibu la Resiato. Loishiye alilisoma polepole.

“Hapa amejibu vizuri,” akasema.

“Na wewe ungejibu hivyo?”

“Mwalimu, mimi nimesoma hapahapa.” Akacheka kwa mara ya kwanza. “Hapo mbele ya ofisi palikuwa na mjakaranda. Nimeumwagilia mwaka mzima kwa sababu ya kukosa hesabu za mafungu. Mwisho nikawa nautilia magadi kwenye maji. Ulikauka kabla sijamaliza la nne. Sijafurahi hivyo mpaka siku ya harusi yangu.”

Mimi nilitazama dari. Mama Aristides alikuwa amemkodolea macho kama mtu aliyeona kokwa.

“Resiato ana mnyama wake nyumbani?” akamuuliza.

“Ana ndama.”

“Asubuhi unamkumbusha kumpa maji?”

“Nimkumbushe nini? Alipewa na bibi yake.” Alituangalia kama watu tusioelewa mambo ya wazi, kisha akaeleza, maana sisi ni wageni wa huko. Kwao mtu akikupa mnyama, kuanzia siku hiyo hamuitani tena kwa majina. Mnaitana kwa kile mlichopeana. Akikupa ng'ombe, wewe unamwita Pakiteng na yeye anakuita Pakiteng. Akikupa ndama, mnaitana Paashe, mpaka kufa. Resiato na bibi yake sasa ni Paashe na Paashe. “Bibi akija nyumbani akaita ‘Paashe!’, mtoto ataitikaje kama ndama amekonda?”

“Na mti?” akauliza Mama Aristides. “Ukimpa mtu mti mnaitanaje?”

Loishiye alijikuna kidevu. “Hiyo sijasikia. Mti anautoa nani?”

“Mimi.”

“Huwezi. Si wako, ni wa shule.”

“Hiyo ndiyo shida yenyewe, baba,” akasema, na akaanza kutafuta kalamu.

Nilimpinga, naomba iandikwe. Nilimwambia shule ina Wachaga, Wameru, Wairaqw na watoto wa askari kutoka kila mkoa, wote hawa utawapa desturi ya watu wa hapa? Na mali ya serikali unaigawaje? Mwalimu Mkuu alikuwa na busara kuliko mimi. Alisema miti itabaki kwenye daftari la mali za shule kama kawaida, na kwamba kuitana watu wanavyotaka hakuhitaji kibali cha halmashauri.

Mahafali ya darasa la saba yalikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Wahitimu walikuwa themanini na saba, miti tisini na mmoja. Minne iliyozidi wakapewa viranja wa la sita, Resiato akiwemo. Mwezi mmoja kabla yake, kila mmoja alipewa mti wake na Mama Aristides, siku ya mahafali wakautoa. Kila mmoja alimshika mkono mtoto mmoja wa darasa la kwanza, akampeleka mpaka kwenye mti wake, akamkabidhi mbele ya wazazi. Sharti lilikuwa moja: anayetoa amweleze anayepewa tabia za mti.

Hapo ndipo nilipopata heshima yangu. Maana kumbe wale wachelewaji sugu, mwaka mzima na zaidi wa madumu, walikuwa wanaijua miti ile kuliko mwalimu wa mazingira. Kijana mmoja niliyemkamata getini karibu kila wiki alimwambia mtoto wake, “Huu ukiumwagilia saa sita unanuna. Upe asubuhi, kikombe kimoja huku, kimoja kule, maana huku kuna mchwa.” Mwingine alijua upi huchuruzika maji na upi una mzizi juu. Nilimtazama Mama Aristides, naye akajifanya anarekebisha kilemba.

Jina walilitafuta watoto wenyewe. Mti kwa lugha ya pale ni olchani, basi wakatunga Pachani. Wazee wenye lugha walitikisa vichwa, kisha wakalizoea. Wiki ya pili niliita mahudhurio darasa la kwanza nikakuta nusu ya darasa hawaitikii majina yao mpaka niwaite Pachani, na watoto wa Kichaga ndio waliokuwa wakaidi zaidi. Wale wa la saba, ambao mitihani yao ilikuwa imekwisha na hawana la kufanya, walikuwa wanapita nje ya uzio na kuita, “Pachani! Mti wangu vipi?” Mtoto wa miaka saba anakimbia kwenda kuchukua maji ya kunawia mikono. Getini mimi nilibaki na wachelewaji wachache. Watoto walikuwa wanawahi ili wamwagilie kabla ya kengele.

Desemba ikafika, na Mama Aristides akastaafu. Tulimuaga kwa wali, nyama, blanketi zito na seti ya sufuria, na mimi nikasoma hotuba ambayo haikuwa na utani hata mmoja, jambo lililowashangaza watu wengi. Baada ya kula alinivuta pembeni.

“Sasa wanafunga mwezi mzima,” akasema. “Hakuna mwalimu, hakuna kengele, na vuli haijanyesha. Zile shule zangu nne zote, kila likizo nilikuwa napoteza miti.”

“Kapumzike, dada. Umemaliza.”

Alisema sawa, na mimi nikamwamini, kosa la kijinga.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba Desemba ishirini na mbili nitampa lifti. Mwezi huo Mchaga aliyebaki Arusha baada ya tarehe hiyo lazima awe mgonjwa au mfungwa. Barabara ya Moshi inajaa magari yenye mchele na majiko ya gesi juu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifika kwake Sekei na Corolla yangu. Nikamkuta getini, amevaa gauni la Krismasi, na pembeni yake madumu sita.

“Mafuta ya kula yote hayo?” nikauliza.

“Maji.”

“Maji ya nini? Kibosho kumekauka lini?”

“Fanuel mdogo wangu, tupite shuleni mara moja tu.”

Moshi iko mashariki, Kisongo iko magharibi. Nililalamika kutoka Sekei mpaka uwanja wa ndege. Nilisema gari litazidiwa, nilisema mke wangu anasubiri Machame, nilisema serikali imekustaafisha wewe, haikunistaafisha mimi akili. Yeye alikuwa ameshika dumu moja mapajani asije akamwaga, anatazama mbele.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Nilimshushia dumu, akalikokota mpaka kwenye mringaringa wa karibu na uzio, akainama kumimina.

“Shikamoo mwalimu.”

Alikuwa Nalepo, wa darasa la kwanza, yule aliyepewa mti na Resiato. Sijui alitokea wapi. Alikuwa na chupa ya maji ya lita moja mkononi na mtandio wa mama yake kichwani.

“Marahaba, Nalepo. Hamjambo nyumbani?”

“Hatujambo. Mwalimu, huo una mwenyewe.”

“Najua, mwanangu. Ni wa Eliasi. Yuko wapi?”

“Ameenda Ngarenaro kwa shangazi yake. Ameniachia mimi.”

“Basi leo nikusaidie.”

“Umeshakunywa,” akasema Nalepo, kwa adabu, na akasogea akasimama kati ya dumu na mti.

Mama Aristides alijinyoosha. Akauliza habari za ile mingine. Nalepo akajibu kwamba mingine nayo ina wenyewe, wengine wameshakuja, wengine wanakuja jioni wakirudisha mbuzi, na waliosafiri wameacha mtu. Niliinama nikashika udongo chini ya miti mitano, sita. Ulikuwa na unyevu kote. Nikaanza kuhesabu kwa mazoea ya mwalimu wa Hisabati, safu kwa safu, nikarudia mara mbili. Tisini na mmoja.

Niliporudi niliona yule mtoto bado hajasogea, nikaona haya kwa niaba ya mwenzangu. Nikatumia ile sauti yangu ya mstarini.

“Nalepo, unajua aliyepanda miti hii yote ni nani? Ni huyu.”

Nalepo alimtazama Mama Aristides kuanzia kilemba mpaka viatu, na uso wake ukajaa huruma.

“Kwani wewe hukupewa hata mmoja?”

“Sikupewa,” akasema Mama Aristides.

Mtoto akafikiri, akiubana ule mdomo wa chupa kwa kidole.

“Nikimaliza shule nitakupa huu wangu,” akasema. “Ila usubiri.”

“Nitasubiri,” akasema, akalifunga dumu.

Tulirudisha madumu garini. Tukageuza kuelekea Moshi. Alilia na kucheka kwa pamoja, mimi nikamwambia asinilowanishie viti. Tulipofika Kikatiti ndipo akapiga hesabu. Nalepo alikuwa bado anamaliza la kwanza. “Mpaka amalize,” akasema, “nitakuwa nimepita sitini na tano.” Nilimshusha njia panda ya Kibosho na mizigo yake, akakataa kuchukua maji.

Siku ya Krismasi alinipigia simu kunitakia heri. Akaniambia ameacha sukari kwenye chai, na kwamba kila jioni anatembea kwa miguu mpaka kanisani na kurudi.

“Daktari amekwambia?” nikauliza kwa hofu.

“Sijaenda kwa daktari,” akasema. “Kuna mti nasubiri kupewa.”